Jiwe Lenye Ufa

Dada yangu mpenzi,

Koti ulilonishonea limenikaa sawasawa. Mikono tu nimeipunguza, maana kwenye mashine ya kusaga vyuma nguo ikining'inia inakuvuta mzimamzima. Wabusu wapwa zangu. Lile lalamiko lako kuhusu shemeji nitalijibu mwishoni.

Mumeo ameanza mafunzo kwangu. Anawahi kuliko wote, na darasa zima linacheka naye. Kila asubuhi nawafundisha kuligonga jiwe la mashine kwa mpini wa mti kabla ya kulifunga. Jiwe zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa mlio mzito, uliokufa, na likizungushwa hupasuka likamrukia mtu usoni.

Nimemwona shemeji akitazama kwanza nyuso za wenzake, ndipo ajibu. Kwa hiyo jana nilimpa jiwe lenye ufa, tukiwa wawili tu. Akaligonga, akainamisha kichwa, akatabasamu.

"Hili zima, shemeji. Linaimba!"

Akaanza kulifunga. Nikamwita kwa nyuma, nikamwita tena kwa ukali. Akaendelea kukaza nati huku akipiga mluzi.

Najua mnautegemea mshahara huu. Nitamwombea kazi ya stoo, lakini kwenye mashine simpitishi, hata ukininunia mwaka mzima. Bora uninunie kuliko uvae kaniki ya ujane.

Sasa lile lalamiko. Uliniandikia kwamba siku hizi amekuwa na kiburi, ukimwita haitiki. Msamehe, dada. Si kiburi.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado hajamwambia mumeo lolote.