Uwanja wa Mama Usisakafiwe

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu Bonge,

Marahaba. Naitikia kabisa kabla hujaniamkia, maana mkubwa ni mkubwa hata kwenye barua. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na wale mapacha, bado wanakula kama baba yao? Nakuwaza sana. Kila nikikata kitambaa cha shati la mtu mnene nakukumbuka, usikasirike.

Sisi huku wazima. Mkono wa Mama uliotenguka alipoteleza uani umepona kabisa. Anafua, anakanda unga, na ananigombeza kama kawaida yake.

Sasa nikupe habari za uani. Unamjua Mama na ufagio. Tangu tukiwa wadogo uwanja lazima ufagiliwe kabla ya chai, mpaka ile mistari ya ufagio ionekane, na majani yote yachomwe. Kumbe ndivyo tulivyoiua ardhi ile. Ilikuwa ngumu kama sakafu. Mvua ikinyesha maji hayaingii, yanakuja kutuama mlangoni, na utelezi ule ndio uliomwangusha.

Mteja wangu mmoja, bibi shamba, alikuja kujaribu gauni akachungulia dirishani. Akamwambia Mama aache majani yalale chini na maganda ya jikoni ayafukie, kwa sababu udongo ukiachwa uchi unakufa. Mimi mshonaji nilimwelewa mara moja. Mama alininunia kana kwamba mimi ndiye niliyeyasema. Akakubali kuuweka ufagio chini, lakini kwa shingo upande, na majirani walipoona uwanja haujafagiwa wakaja kumpa pole wakidhani anaumwa.

Lakini udongo ukaanza kulainika. Ukifunua majani unakuta nyungunyungu, na maji ya mvua siku hizi yanazama palepale yanapodondokea. Mama akapanda mchicha, bamia na maboga.

Hapo ndipo shemeji yako, mume wangu mpenda haraka, akaona wadudu wadogo wa kijani kwenye bamia akawapulizia dawa ya mende. Nia njema, akili hakuna. Wadudu walikufa, na nyuki nao hatukuwaona tena. Maboga yakatoa maua mengi ya kupendeza, na vile vitoto vya boga vikawa vinanyauka na kudondoka kimoja kimoja.

Mama hakukata tamaa. Kila asubuhi alikuwa akichuma ua dume na kwenda kulipangusa ndani ya ua jike, akizungumza nayo. "Haya bwana harusi, twende, bibi harusi anangoja." Mama yako akawa mshenga wa maboga, Bonge, nami nikawa nashona nikicheka peke yangu.

Ile dawa tuliipiga marufuku. Mama akauacha mrehani utoe maua badala ya kuukatakata, akapanda alizeti kando ya ukuta wa bafu, na akaweka kisahani cha maji chenye vijiwe ili nyuki wanywe bila kuzama. Tukakaa tukisubiri. Halafu asubuhi moja alitoka na ua lake mkononi, akakuta nyuki ameshatangulia. Aliniita niache cherehani. "Njoo uone, mwanangu. Nimefukuzwa kazi." Sijamwona na furaha ile tangu Baba atutoke. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Sasa Bonge, nakuja kwenye lililonifanya nikuandikie. Ile saruji uliyomnunulia imefika, imepangwa kwenye ukumbi mpaka tunapita upande upande. Fundi Kesho amepima uani pote, kuanzia mlango wa jikoni mpaka ukutani, na anasema ataanza kumwaga zege wiki ijayo. Unajua jina lake alilipataje. Kwa mara ya kwanza maishani namwombea aendelee kuchelewa.

Najua umefanya kwa mapenzi, ili asianguke tena, nawe uko mbali huwezi kumshika mkono. Na kwenye simu alikushukuru, nilimsikia. Lakini hakukwambia kwamba alipokata simu alikaa kwenye kigoda cha jikoni akiyatazama maboga yake. Nilipomwuliza mbona hakukataa, akanijibu, "Mtoto ameniwazia mema, nitamkatalia vipi?"

Jana nikamkuta ameinama uani anachota udongo kwa mikono, anaujaza kwenye ndoo na kuuhamishia chumbani kwake. Ndoo zimejipanga mpaka chini ya kitanda. Nikamwambia, Mama, udongo wote huu utauweka wapi? Akasema hawezi kuuokoa wote, anaokoa kiasi tu.

Nakuomba mdogo wangu, usimwache Mama alale na udongo chini ya kitanda. Mpigie fundi. Saruji ile itatosha njia nzuri ya kutoka jikoni mpaka bafuni, yenye kamba ya kushikia, na kwingine kubaki kulivyo. Utelezi hautakuwepo.

Wifi nisalimie sana, na mapacha wabusu mashavu. Shemeji yako anakusalimu, anaomba usimtanie habari ya dawa ya mende. Mjomba naye anakuulizia kila akija kuchukua suruali yake. Mungu awafunike kwa rehema zake na awarudishe salama.

Na Mama usimwambie kwamba nimekuandikia. Mpigie tu, umwambie una hamu ya boga la uani kwake, na kwamba safari hii ukija unataka kulichuma mwenyewe. Hajawahi kukukatalia kitu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unaponinunia.