Gemu Mpaka Kitandani kwa Dada

Jumatatu, 3 Machi

Dada kanyanyuka tena! Daktari kasema alale, alale tu, mpaka mimba itimie. Mama anatoka bafuni anamkuta sebuleni — tumbo mbele, padi ya gemu mkononi, anacheza mpira. Kelele! Mama: huyu nimfunge kamba? Dada: kitanda kinaniua, mama. Kweli, yule hajui kukaa. Ndiye aliyenifundisha gemu, na kunifunga mabao bila huruma.

Basi. Kama dada haruhusiwi kulifuata gemu, gemu limfuate dada. Kwenye droo ninacho kile kidude cha mkononi fundi simu alichotupa. Kina skrini, kina vitufe. Tuone!

Jumanne, 4 Machi

KIMEWAKA!!! Betri nyingine, vitufe nikasugua, nikaangalia video mpaka macho mekundu. Mashine ya gemu inabaki sebuleni inafanya kazi yote, kidude kinavuta picha kwa waifai. Lakini chumbani kwa dada inakatikakatika. Unapiga shuti leo, mpira unaondoka kesho. Shemeji kacheka: mke wangu kapata fundi wa kubahatisha! Cheka tu, shem.

Na baba, anayezima hata taa unayoitumia, kazima mashine mara mbili. Eti inawaka sebule tupu.

Jumatano, 5 Machi

Friji! Ni friji! Libati lote lile limesimama katikati ya ruta ya waifai na chumba cha dada. Ruta nikaipandisha juu ya kabati, mashine nikaichomeka waya hadi kwenye ruta. Picha laini! Dada kafunga bao amelala ubavu, kapiga ukelele, mama kaja mbio akidhani mambo tayari. Kasimama mlangoni, anaangalia skrini. Baadaye namsikia anamwambia jirani: mwanangu kaleta mchezo mpaka kitandani, na hajasomea popote!

Kichwa changu kimevimba, hakipiti mlangoni.

Jumamosi, 8 Machi

Dada hanyanyuki ila kwenda chooni. Kaingia fainali ya kombe la gemu. Shemeji ananiita injinia. Acha aite.

Jumapili, 9 Machi

Fainali. Dada anaongoza mbili kwa moja. Ghafla kaacha kubonyeza. Nikadhani picha imeganda. Wapi! "Mdogo wangu, niitie mama."

Mama kahesabu kwa vidole: miezi imetimia. Imetimia! Kulala kumesaidia. Na kidude changu pia!

Shemeji kawasha gari. Dada hataki kuachia kidude — anatembezwa huku anacheza, uchungu ukija anasimamisha gemu, ukipita anaendelea. Mama: wewe mtoto una wazimu! Ukumbini picha ipo. Barazani ipo. Getini — ikaganda. Kumbe waifai yangu inafika mpaka getini! Kanipitishia kidude dirishani mwa gari: usizime, narudi kuimalizia.

Wameenda hospitali, na mama. Tumebaki mimi na baba. TV inawaka, wachezaji wamesimama vilevile. Baba kapeleka mkono kwenye swichi, mazoea. Kaangalia skrini. Kaurudisha mkono. Kakaa.

"Dada yako anaongoza?"

Anaongoza, baba.

"Simu ina chaji?"

Simu yenyewe ipo mapajani kwake. Anaigeuza kila mara. Bado haijalia.