Machozi ya Chupa

Kalemie, siku ya ine, Alhamisi

Eti sina machozi kwa sababu mimi ni mulozi, mchawi! Wifi yangu, Mama Sifa, alisema vile mbele ya wote, leo kwenye kilio cha dada yangu. Aliona macho yangu mekundu na makavu, basi, kesi imekwisha.

Nilimwambia vile munganga wa hospitali alivyonieleza: rumatisme hii iliyopinda vidole vyangu njo hiyo inayokausha na macho. Nikitaka kulia, yanawasha kama yana mchanga. Akanicheka: "Ugonjwa wa vidole, macho yanaingilia wapi?"

Nikaenda nyuma ya nyumba kutia dawa ya matone. Vidole vikaminya vibaya, nusu ya chupa ikatiririka mashavuni. Niliporudi, Mama Sifa akanikumbatia: "Asante Yesu, Mama Neema analia!" Wote wakaitika amina. Wajinga wakubwa. Dakika tano mbele ya hapo nilikuwa bado mulozi.

Jicho la kushoto linauma tangu asubuhi. Munganga alinionya: likiuma nikimbie hospitali, ninaweza kulipoteza. Ninaogopa, kesho nitaenda.

Wao wamerudi kwao wameridhika. Dada yangu amezikwa, na mimi bado sijamulilia.