Baba, Usiuze Randa

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi sasa kinakuacha ulale. Mimi sijambo, ila magoti yananiuma, na sababu nitakueleza. Msalimie Mama, umwambie shuka zimefika.

Mama amenieleza kwenye simu kwamba umefunga karakana, na umempata mtu wa kununua randa, misumeno na patasi zako zote. Eti unasema siku hizi watu wananunua vitanda vya dukani, fundi kazi yake imebaki kupiga soga. Nimesikia, Baba. Sasa nisikilize na mimi.

Kazi yangu unaijua juujuu tu. Napiga picha vyumba vidogo vya kupangisha wageni wa siku mbili tatu, kitanda, jiko na bafu vyote humohumo. Picha zinawekwa mtandaoni, mgeni akizipenda anakuja. Ili chumba kizima kienee kwenye picha, mara nyingi inanibidi niingie bafuni, nipige magoti kwenye sakafu yenye maji, nipige picha kutoka mlangoni. Ndiyo habari ya magoti.

Wiki iliyopita aliniita mama mmoja mwenye jengo ambalo wageni wamelikimbia. Mlango wa chumba cha kwanza ulifunguka nusu ukagonga kitanda, nikapita kiubavu. Alitaka nitumie lenzi pana, ile inayosukuma kuta zionekane ziko mbali, kama alivyofanya mpiga picha aliyenitangulia. Nilimuuliza wageni walisemaje. Akakiri kwamba wa mwisho alisimama mlangoni na begi lake, akatazama simu, akatazama chumba, akauliza kile chumba cha kwenye picha kiko wapi. Nilicheka, naye akacheka kwa uchungu. Nikamwambia wazi kuwa shida yake si picha, ni kitanda kinachokula nafasi yote.

Hapo nikamwonyesha picha za chumba changu. Katika ya kwanza, kitanda ulichonitengenezea nilipohama nyumbani kimeshushwa. Katika ya pili kimepandishwa, kimeegemea ukuta kwa bawaba zake, na pale chini pamebaki nafasi ya meza na kiti. Lenzi pana sikuigusa. Aliomba aje akione mwenyewe. Alikuja, akakishusha na kukipandisha kama mtoto aliyepata bembea, kisha akauliza nimekinunua duka gani.

Baba, hapa naomba ukae chini. Nilimwambia si duka, ni baba yangu, na kwamba amekubali kutengeneza vitanda vya jengo zima. Nimekusemea kabla sijakuuliza, na sijuti. Vile vya zamani mama huyo ameshavitoa. Vyumba viko vitupu, nami nimekataa kuvipiga picha mpaka kazi yako iwe ukutani.

Kwa hiyo mwambie huyo mnunuzi asihangaike kuja. Ukiona haya, nitampigia mimi. Jumamosi nakuja kukuchukua, wewe na vyombo vyako. Mama ameninong'oneza kwamba mkono wako umeanza kutetemeka, na kwamba hiyo ndiyo sababu yenyewe, si vitanda vya dukani. Nililia, kisha nikanawa uso. Nitashika ubao, wewe utapiga randa, kama tulivyokuwa tukifanya nikiwa mdogo.

Nawasalimu nyote hapo nyumbani. Ukitaka kubishana nami, kumbuka nani alinipa jina hili, na kwa nini: nikishaingia, sitoki.

Mwanao,
Msumari