Kabla Koku Hajakatwa Nywele

Jumatatu, 1 Aprili
Kabureta ya boti ya doria ya hifadhi imeziba tena. Wanatia petroli chafu, halafu wananiambia, fundi, mashine yako hiyo. Yangu tangu lini? Nimeifungua, nimeisafisha, imewaka. Mikono inanuka mpaka sasa.

Pasaka ilikuwa jana. Kwaresma imekwisha, kwa hiyo naweza kumpelekea Koku samaki; huko aliko kwenye mfungo hawaliwi. Nguru wamo kwenye kiroba, wamekauka vizuri, nimewatia chumvi mwenyewe. Alhamisi naondoka. Boti mpaka Nyamisati, gari mpaka Dar, basi mpaka Iringa, halafu milima. Kwa miguu, nasikia. Mimi ninayekaa Utende, kisiwani Mafia, ambako mlima mrefu ni ngazi za hoteli.

Koku yuko huko juu mwaka wa tatu sasa. Binti yangu wa pekee. Yuko kwenye monasteri ya masista wa Kiorthodoksi, dini ya marehemu mama yake. Anataka kuwa mtawa kamili. Wakishamkata nywele, basi. Haolewi, harudi. Walitaka kumkata mwezi uliopita, mama mkuu wao akagoma. Anasema hamkati msichana ambaye baba yake yu hai na hajatoa neno. Anataka alisikie neno hilo kwa mdomo wangu, uso kwa uso.

Basi nakwenda. Nitakachosema sikijui.

Jumanne, 2 Aprili
Nimempigia Koku. Simu inakaa kwa mama mkuu, mpaka aitwe unasikia kuku wanalia na mtu anakohoa. Shikamoo baba. Marahaba. Nikamwambia naja na nguru kiroba kizima. Akacheka. Baba, Pasaka yetu bado. Ni mwezi wa tano, tarehe tano.

Miaka kumi na tatu nimeishi na mama yake, kila mwaka Pasaka mbili ndani ya nyumba moja, na bado nimesahau! Wao wako katikati ya mfungo. Nyama hawali, samaki hawali, maziwa hawali. Pweza wanakula. Pweza ruksa, anasema, hana damu.

Nguru nimempa Bi Mwanaidi, jirani. Nilipomweleza alishika kiuno. "Nguru mwiko, pweza ruksa? Makubwa haya, Baba Koku!" Amecheka mpaka nami nikacheka. Nilipofika ndani hasira zikarudi.

Alhamisi, 4 Aprili
Sikwenda. Sitakwenda mikono mitupu kama mtu anayekwenda kudai. Nitapeleka pweza mkavu. Bi Mwanaidi ndiye mchokoaji wa pweza hapa, lakini anasema ningoje bamvua, maji yakupwe mpaka mwamba uonekane wote. Wiki ijayo. Haya, nangoja.

Leo nimetengeneza mashine mbili na jenereta. Silali vizuri.

Jumanne, 9 Aprili
Nimepanga begi. Nimelipangua. Koti sina, nani ana koti Mafia? Mwalimu mmoja kutoka Njombe, anayefundisha hapa, amenipa sweta yake. Inabana. Nimepanga tena.

Jumatano, 10 Aprili
Bamvua. Nimekwenda mwambani na Bi Mwanaidi na wenzake. Nimetoka na kidole kilichochanika na pweza sifuri. Nilikuwa nachokoa mashimo yasiyo na kitu huku wao wakinipita wakicheka. Bi Mwanaidi amepata saba. Wamepondwa, wametandazwa kwenye kamba nyuma ya nyumba yangu.

Ijumaa, 12 Aprili
Mvua. Mvua tangu jana asubuhi. Masika haya, nani anakausha pweza kwenye masika? Mimi. Wameanza kunuka. Paka wote wa Utende wako ukutani kwangu.

Jumamosi, 13 Aprili
Nimewatupa. Nikaosha kamba, nikakaa barazani, nikaona moyo umetulia. Nikashangaa. Safari imeharibika na mimi nimefurahi!

Niandike kama ilivyo, hapa hakuna wa kunisoma. Nisipokwenda, hakatwi. Nimelijua hili tangu mwezi uliopita. Kila siku ninayokaa hapa nikisafisha plagi za watu, nywele za Koku ziko kichwani.

Nywele hizo nimezisuka mimi. Mama yake alipofariki Koku alikuwa na miaka tisa, shuleni wanataka wasichana wasukwe twende kilioni, njia zilizonyooka kwenda nyuma. Fundi mashine na vidole vyangu hivi. Bi Mwanaidi alinikalisha hapa barazani, akanifundisha kwenye kichwa cha binti yake kwanza. Wanaume walipita, wakasema waliyosema. Njia zangu zilikuwa zinapinda kila siku. Koku alikwenda nazo shule hivyo hivyo na hakulalamika hata siku moja.

Leo aniambie nikashuhudie zikianguka chini. Sitaki. Basi.

Jumatano, 17 Aprili
Koku amepiga. Siku imepangwa, Jumamosi ya tarehe ishirini na saba. Nikamwambia pweza wameoza, mvua, bamvua jingine linakuja, nitajaribu. Akasema, "Baba, usipokuja sitakatwa. Nitangoja tu." Hakulia. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu, ningepata pa kushikia.

Nimegombana na mtu wa hoteli kwa sababu ya bomba la petroli. Kosa lilikuwa langu. Sikumwambia.

Jumapili, 21 Aprili
Kanisani Kilindoni. Sikusikia hata neno la mahubiri. Nilikuwa nikitunga hotuba ya kumpa mama mkuu. Kwamba Koku ni mtoto wa pekee. Kwamba nazeeka. Kwamba mama yake angetaka wajukuu. Hili la mwisho silijui, nimelitia ili kuongeza uzito.

Jumatatu, 22 Aprili
Nilimwambia Bi Mwanaidi bamvua linakaribia, tujaribu tena pweza. Alikuwa anakuna nazi. Hakuinua kichwa.

"Baba Koku, pweza humtaki wewe. Ungemtaka ungemkausha kwa moshi jikoni kwangu, ungeniuliza tu. Wewe unamfungia mtoto mlango."

Nikamwambia mambo ya dini yetu hayajui. Akasema dini haijui, baba anamjua. Binti yake aliolewa kijiji cha Kanga, na yeye mwenyewe alikaa na posa ile miezi mitatu bila kujibu, binti akakonda akabaki macho. Akaendelea kukuna. Nimeondoka bila kuaga. Nina hasira naye kwa sababu amesema kweli.

Jumanne, 23 Aprili
Tikiti ninayo. Kesho alfajiri.

Bi Mwanaidi amepitisha mkono dirishani, amenipa kifurushi cha pweza wa moshi. Nikasema ahsante tu.

Jumatano, 24 Aprili. Mbagala
Nikiwa gatini Kilindoni simu ikaita. Boti ya doria imezimika Ghuba ya Chole, fundi njoo haraka. Miguu ilitaka kugeuka, sitajidanganya. Nikawaambia wamtafute mwingine. Wakasema mwingine hayupo. Nikasema basi wapige kasia. Nimezima simu. Baharini nimetapika mara mbili, mimi fundi wa boti.

Ijumaa, 26 Aprili. Monasteri
Nimefika. Njia ni kupanda tu, mvua, utelezi, magoti si yangu. Baridi ya kukata masikio. Sweta ya mwalimu imechanika kwapani.

Koku alikuwa anachambua maharage. Amepungua, lakini ana uso wa mtu anayelala vizuri. Alipiga magoti kunisalimu Kihaya, kama mama yake alivyomfundisha, kwenye tope. Nikamwinua.

Mama mkuu ni mfupi, sauti ndogo. Hakunizungusha. Akauliza mbele ya Koku, baba, unasemaje? Hotuba nilikuwa nayo yote, tangu mwanzo mpaka wajukuu. Nikamtazama Koku. Alikuwa ameinamisha macho, vidole vimeshika upindo wa nguo. Ananiogopa. Mimi.

Nikasema, nampa baraka. Nikarudia kwa sauti, ili isikike.

Jumamosi, 27 Aprili. Monasteri
Wamemkata asubuhi. Sikufumba macho.

Wana desturi, sikuwa nimeambiwa. Ukishakatwa unapewa jina jingine, na kila aliyemo kanisani anapita mbele yako kukuuliza. Nikasimama kwenye mstari, nyuma ya mpishi. Zamu yangu ikafika. Nikamwuliza binti yangu, dada, jina lako nani?

"Makrina. Niombee."

Nikasema nitakuombea, Makrina.

Mchana tumekula pweza wa Bi Mwanaidi na ugali. Masista wamemsifu. Baadaye nimekaa nje ya nyumba ya wageni, mvua imekatika. Kesho naaga. Nimekuwa nikilitaja jina hilo peke yangu tangu saa nane, ulimi ulizoee.