Sheria ya Faragha Ilivyoniumbua

Dada yangu wa pekee,

Shikamoo. Goti lako linasemaje? Nasikia baridi imelirudia, na kwamba umekataa kupaka dawa kwa sababu inanuka. Paka. Mimi ni mzima. Meno yaliyobaki yanasalimiana kwa mbali, macho yanaona ninachotaka kuona, na moyo unapiga, wakati mwingine zaidi ya inavyohitajika. Wajukuu wote wazima na wote wana njaa. Mke wa mwanangu anakusalimia, anasema uje umsaidie kunivumilia.

Usiucheke mwandiko wangu. Shule yangu unaijua: kukaa nyuma ya watoto wangu wakiandika kazi zao za nyumbani, nikijifanya nachambua mchele.

Nakuandikia kwa haraka kwa sababu nimeambiwa simu yako bado iko kwa fundi. Ikae huko huko. Ikitoka tu, mtu atakurushia video, na ndani ya video hiyo nipo mimi, nimesimama mbele ya umati, nasema jambo ambalo ulitakiwa ulisikie wewe kwanza, tena kinywani mwangu. Dunia ikinicheka, icheke. Naogopa wewe usije ukanuna, maana wewe hununi siku, unanuna miaka.

Chanzo ni hii simu aliyoninunulia mwanangu. Kila nikiigusa inaniuliza kama nakubali. Mimi nimelelewa na mama yuleyule aliyekulea wewe. Mtu akikuuliza kwa adabu, unaitikia. Basi nikawa nakubali tu. Mjukuu wangu mkubwa alipoona akashika kichwa, akasema Bibi, umewaruhusu wakusikilize, wajue ulipo na wasome ujumbe wako. Nikamwambia kama kuna watu wanataka kumsikiliza kikongwe akikoroma, Mungu awape subira. Lakini haukupita muda simu ikaanza kunitangazia magodoro. Wala si godoro la mtu mmoja. Mapana, mito miwili miwili, na picha ya mume na mke wanachekeana kama watu ambao bado hawajaoana. Mke wa mwanangu akaniuliza kwa nini simu ya mjane inatangaziwa godoro la watu wawili. Nikamjibu simu imerukwa na akili. Aliniangalia kama anayekagua nyama buchani.

Ndipo likapita gari la matangazo. Likasema serikali inatunga sheria ya faragha, wananchi wote waje ukumbini watoe maoni. Faragha, dada. Wewe na mimi tulifundishwa kwamba neno hilo lina maana moja: mume na mke wakifunga mlango, watoto hawapigi hodi. Gari lilisema pia kwamba ni faragha ya mtandaoni, lakini spika yake ilikuwa inakwaruza, na hapo ndipo ilipokwaruza zaidi. Sokoni hapakukalika. Fundi cherehani alisema sasa tutaambiwa tuombe kibali. Muuza mkaa akasema kibali si tatizo, tatizo ni foleni. Mama wa mboga, mwenye watoto wengi kuliko vitunguu vyake, akasema yeye wakimpiga marufuku kabisa atawapikia chai.

Tukaenda. Ukumbi ulifurika. Mbele alikaa kijana wa serikali, tai imemkaba, mpole kama mgonjwa. Alisema sheria itahakikisha hakuna mtu atakayechezea habari zetu. Maneno yalikuwa mazuri na mimi nusu yake sikuyaelewa. Walioelewa ndio ambao hawakuamini. Kinyozi aliuliza sheria hiyo itatulinda na nani, maana yeye alisajili laini ya simu asubuhi, na mchana akapigiwa na tapeli anayejua mpaka jina la mama yake mzazi. Muuza karanga akasimama, akasema hana swali ila ana ushahidi, akainua karanga zake juu. Zilikuwa zimefungwa kwa karatasi ya zahanati, na kwenye karatasi hiyo kulikuwa na choo cha mtu, kimepimwa, kimeandikwa, pamoja na minyoo yake na jina lake kamili. Akasema karatasi hizo anauziwa kwa kilo, mlango wa nyuma. Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka na waliolikalia. Kijana alijibu kwamba sheria itaanza na mtandao, karanga zitafuata baadaye.

Muda wote huo mimi nilikuwa nangoja wafike chumbani. Nilipoona hawafiki, nikanyoosha mkono. Unanijua nikipewa nafasi. Nikamwambia, mwanangu, sikukuzaa lakini ningeweza. Chukueni ushuru wetu, pimeni mashamba yetu, hesabuni na kuku mkipenda. Ila mlango wa chumba changu una komeo kwa ndani, na komeo hilo tunalifunga mimi na mwanamume wangu. Tunachosema humo na tunachonyamazia humo hakihitaji mbunge. Nikaongeza na machache kuhusu mgongo wake, kwamba kwa umri wake bado unafanya kazi ya kuridhisha. Hayo sitayarudia hapa, karatasi ina haya.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Kijana alinieleza polepole, akitazama viatu vyake, kwamba wao wanazungumzia faragha ya kwenye simu. Nikamwambia angesema mapema, nikakaa. Jirani yangu akaninong'oneza kwamba nitengeneze kitambaa changu, tuko hewani. Kumbe kile kijiti chenye miguu mitatu pembeni, nilichodhani ni feni mbovu, kilikuwa kimebeba simu inayoturusha moja kwa moja, ili hata wananchi ambao hawakuja waone jinsi serikali inavyojali faragha.

Baada ya mkutano nilimfuata yule kijana, nikamuuliza ni nani aliyeniomba ruhusa. Akasema mlangoni kuna tangazo: atakayeingia, amekubali kurushwa. Tukaenda kulitazama. Mlango ulikuwa umefunguliwa mpaka mwisho, na tangazo limebandikwa upande wa nyuma, linasomwa na ukuta. Nikamwomba basi anitoe humo ndani. Akasema kwa sasa hakuna utaratibu wa kumtoa mtu. Utaratibu umo kwenye sheria, na sheria ndiyo hiyo wanayoitafutia maoni. Kijana muungwana, alinipa pole na maji ya chupa. Sina kinyongo naye. Lakini muuza mapazia anayeanza kwa kukuchungulia dirishani, mimi simnunulii.

Nimezunguka vya kutosha. Najua hapo ulipo umeshaishusha miwani, unauliza mwanamume gani. Mume wangu tulimzika, na wewe ndiye uliyenishika mkono nisianguke. Ni kweli. Niliyemtaja ni mume wangu wa sasa. Nimeolewa, dada. Tulikwenda kwa msajili kimya kimya, na mmoja wa mashahidi wetu alikuwa mfagizi wa ofisi ileile, aliyeweka ufagio chini, akatia sahihi, akaendelea. Mpaka juzi yeye alikuwa analala kwake na mimi kwangu. Alikuwa anakuja mchana, mke wa mwanangu akiwa kazini, na furushi la pamba begani, eti anakarabati godoro langu. Godoro lile limekarabatiwa kuliko barabara.

Ndiyo, pamba. Umeshamjua. Ni shemeji yako, mdogo wa marehemu mume wako, yuleyule fundi magodoro ambaye hujamsemesha tangu alipokushonea godoro lenye mabonde. Ukasema amejaza magunia, naye akasema godoro halina kosa, kosa ni mzigo. Analijuta neno hilo la mzigo, ingawa kuhusu mabonde bado anabisha.

Hiyo ndiyo sababu ya kukuficha. Wanangu ningewatazama usoni, majirani ningewafungia mlango. Wewe sikuweza kukwambia, kwa sababu ungeniambia nichague, na mimi sikutaka kuchagua. Pale ukumbini nilisema siri ni yangu. Kwa wale, ndiyo, ni yangu. Kwako haikuwa siri yangu, ilikuwa haki yako, na nimekupa baada ya muuza karanga. Nisamehe, mama yangu mdogo, maana mama alipoondoka wewe ndiye uliyenilea.

Usinijibu kwa simu. Ukiwa na hasira, panda gari uje nayo. Sitaogopa ukinitukana, nitaogopa ukinyamaza. Nikikusikia unanitukana tangu barabarani, kwa sauti yako ile, majirani wote wametoka nje kusikiliza, nitajua umenisamehe, na nitakufungulia mlango mimi mwenyewe.

Wasalimie wote waliokuzunguka, hata yule mpangaji wako asiyeitikia salamu. Shemeji yako anasema shikamoo, anaisema akiwa amesimama.

Mimi mdogo wako uliyenibeba mgongoni, ambaye sasa ni mke wa shemeji yako.