Nilisimama Kwenye Neno "Wageni"

Koku mwanangu,

Mkirudi misa ya pili msinitafute, nimekwenda sokoni Mabibo kufuata ndizi. Fagieni uwanja, mkaazime mabenchi kwa Mama Editha. Jumuiya nzima inakuja kula Pasaka kwetu leo saa kumi.

Usinune kwanza, soma.

Asubuhi baada ya misa ya kwanza, katibu wa jumuiya alikuwa anatangaza. Masikio yangu yalishika neno moja tu, wageni. Kanisa gani mie nimewahi kusali nisiwe mgeni? Kigoma, Songea, kote wakilitaja husimama nikapigiwa makofi. Nikasimama. Yakapigwa kwelikweli, na vigelegele juu, nami napunga mkono! Kumbe aliuliza nani atapokea wageni leo.

Mkwe wangu Allen, acha kucheka, mfunge mbwa.

Ningeweza kukana, Koku. Lakini jana uliponiona nafua shati la safari ulimwambia mumeo, "Baba huyo, sikukuu ikiisha na yeye kaisha." Hilo masikio yalilisikia vizuri. Likaniuma, maana nimekuzoesha mwenyewe kuja na kuondoka.

Nitarudi ~~nikijaliwa~~ saa saba, tumenye ndizi pamoja. Sufuria kubwa ioshwe, ina kutu.

Katibu alinifuata na daftari lake. "Mzee, sura yako ngeni hapa, nikuandike mgeni kutoka wapi?"

Nikamwambia, "Andika mwenyeji. Kwa Kokuberwa, hapahapa Kimara."

Baba yako